Mapipa Nyuma ya Jiko

Zombe,
8 Machi 1987

Kwa mkwe wangu, Baba Wanjiro,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na binti yangu Mumbua na mjukuu wangu Wanjiro. Sisi huku hatujambo ila jua. Mbuzi wawili wamezaa, mmoja mapacha. Mchungaji wetu amehamishwa, na huyu mpya anahubiri mpaka githeri inaungua jikoni. Jirani yangu Ndila anakusalimu, mguu wake umepona.

Utavumilia Kiswahili changu, ni cha reli. Nilikiokota Voi marehemu mume wangu alipokuwa akifanya kazi huko, na kama Mumbua hangeolewa na Mkikuyu ningekiacha kife. Yeye ananiambia Kikamba chako ni cha kuuliza bei ya nyanya tu.

Sasa jambo lenyewe. Kisima changu unakijua kwa kusikia. Tulikichimba mimi na marehemu na hakijawahi kukauka, hata ule mwaka wa njaa ya juzi. Lakini kamba imenishinda. Nyonga ya kushoto imekataa kazi, nikivuta ndoo moja lazima nikae chini. Muthama, kaka ya mke wako, ameliona hilo na ameshaamua. Anasema mwisho wa Agosti, kiangazi kikikaza, atakuja na pickup anihamishe Mwingi, nikae nyuma ya duka lake ambako maji ni kufungua bomba tu.

Ni mtoto mzuri, simlaumu. Lakini nikipanda ile pickup sitashushwa tena. Nitakuwa bibi wa kukaa kwenye kiti nikitazama malori ya Garissa. Baba Wanjiro, sitaki kuondoka hapa. Naandika wazi ili usije ukasema hukuelewa.

Mumbua anasema unatengeneza mashine ya mapipa inayovuta maji kwa upepo. Kama ni kweli, upepo ninao. Unapita nyuma ya jiko langu, pale pale penye kisima, tangu saa nane mchana mpaka jioni, na kila siku unanibebea vifuniko vya sufuria.

Mimi mama yako,
Syombua


Sultan Hamud,
29 Machi 1987

Kwa Mama mpendwa,

Pokea salamu zetu kutoka hapa barabarani. Wanjiro ameota meno ya mbele, na cha kwanza alichouma ni kidole changu. Mumbua ni mzima. Kazi ya kuchomelea ipo, wiki hii ni malango na kitanda kimoja.

Ni kweli kuhusu mashine. Si ile ya mapanga marefu inayogeuka kuutafuta upepo. Hii imesimama wima. Unachukua pipa la mafuta, unalipasua kwa urefu kama papai, kisha unaunganisha vile vipande viwili vikiwa vimepishana, kimoja kimefumbata huku na kingine kule. Unapanga ngazi mbili, ya juu ikiwa imegeukia upande wake. Hapo upepo utoke Kitui au utoke Tana, lazima ushike mahali. Katikati ni shafti, na chini yake beringi ya gurudumu la lori. Chini kabisa kuna mkono unaovuta na kuachia, vuta na achia, na huo ndio unaoendesha pampu. Nimemjengea mzee mmoja hapa karibu, na ng'ombe wake wanakunywa.

Kuhusu mahali, nimefikiri sana. Udongo wa karibu na kisima huwa laini, na mnara unaweza kulala. Nitausimamisha upande wa mbele, ng'ambo ya ghala lako la mahindi, kisha nivute nguvu kwa waya mrefu juu ya vigingi mpaka kisimani. Ndolo, fundi wa pampu, atafanya kazi ya pale kisimani. Mimi nitabaki upande wa ghala.

Tutakuja baada ya Pasaka. Naomba unijulishe utakuwa wapi siku hizo, ili nijue njia ya kupita.

Mkweo mtiifu,
Kang'ethe


Zombe,
17 Mei 1987

Kwa mkwe wangu, Baba Wanjiro,

Salamu nyingi. Tumepata mvua ya kudanganya, kunde zimechipua kisha zikajuta. Mchungaji bado anahubiri.

Asante kwa kazi. Siku zile zote nilikuwa kwa Ndila kama nilivyokuahidi, na tulikuwa tukichungulia kupitia ua wake. Nilikuona mgongo tu. Una mgongo mpana, nimefurahi, maana yake Mumbua anakupikia.

Mapipa yako ni mazuri kuyatazama. Waya ukiwa umefunguliwa yanazunguka kama watoto waliotoka shule. Ndolo akiufunga waya yanasimama. Akifungua yanazunguka, akifunga yanasimama. Ametoka jasho, amekunywa uji wangu wote, na maji hakuna. Lakini waya wenyewe ni imara, nimeanika juu yake mablanketi matatu.

Mimi si fundi. Naona tu kwamba ghala limesimama mbele ya mapipa na kukinga karibu upepo wote, jambo ambalo pengine ni zuri kwa mahindi. Na ule udongo wa kisimani unaosema ni laini, mimi na marehemu tuliupiga mtaimbo mpaka mikono ikatoka malengelenge. Lakini wewe ndiye fundi.

Bado nachota kwa kamba.

Syombua


Sultan Hamud,
7 Juni 1987

Kwa Mama,

Pole kwa habari ya mvua na kunde. Huku kuna baridi ya asubuhi na vumbi la mchana. Nina habari njema: Mumbua ni mjamzito. Mungu akipenda, Oktoba.

Kuhusu pampu, nadhani ngozi ya ndani imekauka. Ndolo aitoe ailoweke kwenye mafuta usiku kucha. Kisha atie grisi kwenye beringi, asibane mkono wa pampu kupita kiasi, na akaze waya pale unapolegea katikati. Mablanketi yaondolewe. Ikishindikana, nitatuma pipa la tatu tuongeze ngazi nyingine juu.

Kuhusu udongo, Mama, fundi huwa mwangalifu kuliko kawaida. Huenda udongo ni mgumu juu na laini chini.

Mumbua aliisoma barua yako akacheka peke yake jikoni. Nilipomwuliza kuna nini, akasema hakuna kitu.

Mkweo,
Kang'ethe


Zombe,
12 Julai 1987

Baba Wanjiro,

Salamu kwenu nyote, na kwa huyo aliye tumboni. Mwambie Mumbua asibebe kitu kizito, na asinifiche kama miguu inavimba.

Ndolo ameloweka ngozi. Ametia grisi. Amekaza waya mpaka kigingi kimoja kikang'oka. Maji hakuna. Wiki jana niliteleza kisimani. Sikuanguka ndani, nilikaa kitako tu kwenye ukingo, lakini ndoo ilikwenda na kamba yake, na aliyenikuta nimekaa pale ni mwenye mdomo mrefu kuliko wote Zombe. Muthama amekwisha kusikia huko Mwingi. Ameandika kwamba anakuja Jumamosi tarehe ishirini na tisa Agosti, na kwamba nifunge vyombo.

Kwa hiyo tuache mchezo. Udongo wa kisimani si laini, juu wala chini, na wewe unajua. Uliweka mapipa yako ghalani kwa sababu ya nthoni. Mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, wala hakanyagi nyuma ya jiko lake, penye mlango wake wa nyuma na dirisha la anapolala. Hata akiwa hayupo. Uliambiwa hivyo na wazee wetu, na umeshika kuliko vijana wetu wenyewe, na mimi nakushukuru kutoka moyoni.

Na mimi nilijua tangu barua yako ya kwanza, nikanyamaza. Mama mkwe gani anamwita mkwewe aje nyuma ya jiko? Ningechekwa mpaka Kitui mjini. Sasa matokeo yake ni haya: sisi wawili tuna adabu, na mimi sina maji.

Niambie la kufanya.

Syombua


Sultan Hamud,
9 Agosti 1987

Kwa Mama mpendwa,

Nimekawia kujibu. Si posta. Ni mimi. Niliandika nikachana, nikaandika tena.

Umesema kweli yote. Mapipa yanataka yawe pale pale kisimani, bila waya, na fimbo fupi kutoka kwenye shafti mpaka kwenye pampu. Nililijua hilo hata kabla sijanunua waya. Lakini, Mama, nakumbuka ile siku njiani, kabla ya harusi, nilipokuona na kukunyooshea mkono nikusalimu kama mtu tunayejuana sokoni. Ulirukia ndani ya miiba ya mikonge na kikapu chako cha mayai. Wazee walinitoza mbuzi, na mbuzi hakuniuma. Kilichoniuma ni kuona mama wa watu akitoka damu miguuni kwa sababu yangu. Hata kwetu nthoni ipo, mama yangu aliposikia alilia. Niliapa sitakuaibisha mara ya pili.

Nimefikiria kukuelekeza kwa barua ili kina mama wajenge wenyewe. Haiwezekani. Shafti isiposimama wima sawasawa beringi itavunjika, na mapipa yataangukia mtu. Ndolo anajua pampu, hajui shafti. Lazima niwe pale kwa mikono yangu. Na hata ukienda kwa Ndila, mlango wako utakuwa pale unanitazama mgongoni, na watu wa Zombe watasema Mkikuyu alifunguliwa jiko.

Sijui la kufanya. Nimelala vibaya wiki hii yote. Naona aibu kwamba natengeneza malango ya watu nisiowajua na maji yako yamenishinda.

Kang'ethe


Zombe,
18 Agosti 1987

Baba Wanjiro,

Barua hii nampa dereva wa lori la mkaa anayepita Sultan Hamud, posta haina haraka kama mimi. Salamu utajaza mwenyewe.

Mlango haukutazami tena. Jana niliita mwethya, kina mama wakaja kama wanavyokuja kuchimba mitaro ya shamba, na majembe na nyimbo. Tumeziba mlango wa nyuma kwa mawe na udongo. Tumeziba dirisha. Tumesiriba juu yake mpaka huwezi kujua palikuwa na kitu. Kisha tumetoboa mlango mpya upande wa ghala, tukaupachika mbao zile zile.

Kalondu wa kwaya alibisha sana. Alisema nyuma ya jiko ni nyuma ya jiko. Nikamwuliza, nyuma hujulikana kwa kitu gani kama si kwa mlango? Pasipo mlango ni shamba tu, na shambani mkwe hulima, hilo hakuna anayelikataa. Akafikiri. Halafu akaokota udongo akaanza kusiriba pamoja na wengine. Mchungaji alipita akauliza kama nyumba ni mgonjwa.

Njoo kabla ya tarehe ishirini na tisa. Safari hii siendi kwa Ndila. Nitakaa ndani na sitatoka.

Syombua


Sultan Hamud,
30 Agosti 1987

Kwa Mama mpendwa,

Nilifika nyumbani Ijumaa usiku. Mumbua alinikalisha chini akataka nimweleze yote kabla sijavua viatu. Na wewe pia nakueleza, ingawa ulikuwepo, kwa sababu ulikuwa upande wako wa ukuta nami upande wangu.

Udongo ni mgumu kama ulivyosema. Tulivunja jembe. Muda wote nilijua uko ndani kwa sababu ya moshi, na kwa sababu chakula kilikuwa kikitokea kwenye kona ya nyumba bila mtu. Tulisimamisha shafti, nikaipima kwa kamba na jiwe mpaka Ndolo akachoka nami. Tukafunga fimbo. Tukangoja upepo.

Upepo ukaja. Mapipa yakaanza, yakakwama, yakaanza tena, na nikasikia kitu kinalia. Nilizunguka na spana yangu, naangalia juu, naangalia pembeni. Ndipo ukuta ukasema: "Linalia chini. Umelibana sana."

Nilisimama wima kama mtu aliyeitwa na mwalimu. Mama, miaka yote hii sikuwahi kusikia sauti yako, nilisikia tu kikapu kikianguka kwenye mikonge. Ni sauti ya Mumbua kabisa. Nilitazama kisima nikauliza, "Upande gani, Mama?" Ukasema, "Upande wa mpapai. Miezi mitatu nalisikiliza hilo dude lako, nalijua likiwa na njaa na likiwa na shida." Nikalegeza nati upande wa mpapai. Likanyamaza. Halafu pampu ikakohoa, ikakohoa tena, maji yakatoka.

Ulicheka. Baadaye nikasikia hucheki tena, na sikuuliza. Mimi mwenyewe nilinawa uso mara nyingi kuliko ulivyohitaji.

Leo ni Jumapili. Muthama alikuwa aje jana. Sijui kama barua hii itakukuta Zombe au itarudishwa kutoka huko. Jana nilichomelea lango la mtu juu chini. Tafadhali usikawie.

Mkweo,
Kang'ethe


Zombe,
20 Septemba 1987

Kwa mkwe wangu, Baba Wanjiro,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na nyumba yako yote. Mbuzi wote wazima. Ndila amepata mjukuu wa kiume. Barua yako ililala Kitui wiki mbili, sijui ilikuwa imechoka na nini.

Muthama alikuja na pickup na kamba za kufungia mizigo. Alizunguka nyuma ya nyumba moja kwa moja, kichwa chini, kama alivyozoea tangu utotoni, kuingilia mlango wa jikoni. Akagonga ukuta kwa paji la uso. Mimi nilikuwa ndani nikasema, "Karibu, mwanangu, zungukia huku."

Alirudi nyuma akishika paji, ndipo akaona mapipa. Akaona tangi mliloniwekea chini ya pampu limejaa, na maji yanamwagika kwenye migomba niliyopanda wiki ile. Alivua kofia. Alikaa pale mchana kutwa akitazama, na hakugusa zile kamba. Jioni upepo ukashuka, mapipa yakasimama, akaona amenipata. Akasema, "Unaona, mama, yamesimama." Nikamwambia, "Jioni hata mimi nasimama. Kesho tutaanza tena wote wawili."

Kumbe na bomba la dukani kwake lilikuwa kavu tangu Jumatano. Alikuwa hasemi. Pickup iliyokuja kunichukua mimi ilirudi Mwingi na mitungi ya maji yangu, na kuku mmoja.

Baba Wanjiro, nabaki. Sikujua nilikuwa naogopa kiasi gani mpaka ile pickup ilipopita kona bila mimi. Niliketi kwenye ukingo wa kisima, safari hii kwa kupenda.

Beringi inataka grisi, sauti yake imebadilika kidogo. Si haraka.

Mama yako,
Syombua


Sultan Hamud,
25 Oktoba 1987

Kwa Mama,

Mumbua amejifungua salama siku ya Alhamisi. Ni msichana, mzito, na nywele nyingi. Mama yake anakula vizuri na anaamrisha kila mtu akiwa kitandani.

Wa kwanza alichukua jina la mama yangu. Huyu wa pili ni wa kwako, kwenu na kwetu ni hivyo hivyo. Anaitwa Syombua.

Kila mtu hapa anasema amefanana nawe, macho na mdomo. Mimi sina njia ya kujua, ile siku njiani sikuwahi kuuona uso wako vizuri. Kwa hiyo akilala namtazama sana. Juzi Mumbua aliniuliza natafuta nini usoni mwa mtoto, nikasema ninamsalimu mama yako.

Tutakuja Desemba na grisi.

Mkweo,
Kang'ethe


Zombe,
15 Novemba 1987

Kwa mkwe wangu, Baba wa Syombua,

Nimesoma barua yako mara nyingi mpaka Ndila akaninyang'anya. Mvua imeanza, nzuri, ya usiku. Kina mama wamepita nyumba kwa nyumba wakipiga vigelegele kwa ajili ya jina. Muthama ameandika, anauliza kama unaweza kumjengea na yeye mapipa Mwingi. Nimemjibu apange foleni.

Desemba Mumbua na Wanjiro wataingia kwa mlango mpya kama watu wengine. Lakini kuna jambo nataka ulijue kabla hamjafunga safari.

Niliwaita tena kina mama. Wamelalamika kwamba nyumba hii itakwisha kwa kutobolewa, Kalondu zaidi ya wote, lakini walikuja. Tumetoboa tundu kwenye ukuta niliouziba, karibu kabisa na pampu. Si mlango. Si dirisha, maana halionyeshi uso wa mtu wa ndani wala wa nje. Nimelipima kwa boga. Linapitisha boga, zaidi ya hapo halipitishi.

Mkifika, usimpe Mumbua mtoto amlete ndani. Mbebe wewe. Zunguka mpaka kisimani kama mtu anayekwenda kutia grisi, unyooshe mikono, unipitishie Syombua wewe mwenyewe. Mimi nitakuwa upande wa ndani, na mikono yangu itakuwa imenyooshwa tayari. Safari hii sitakimbia.

Mama yako,
Syombua mkubwa